Michezo ya milango ya fahamu: Msaada kwa watoto wadogo wenye changamoto za ukuaji

MTOTO mwenye umri wa kati ya mwaka 1 na miaka 3 huijua dunia kwa mikono, mdomo, miguu na masikio kabla hajaijua kwa maneno. Humwaga maji ili aone yanakokwenda, hufinyanga ugali kabla ya kuula, hugonga sufuria kwa mwiko na huzunguka uani mpaka aanguke.

Kwa mtoto anayekua kwa kasi ya kawaida, mambo hayo huonekana kuwa utundu tu. Kwa mtoto aliyechelewa kutembea au kuzungumza, au mwenye usonji, mtindio wa ubongo au sindromu ya Down, vitendo hivyo hivyo vikipangwa na mwalimu anayejua anachokifanya hugeuka kuwa somo.

Hicho ndicho kiini cha michezo ya milango ya fahamu, ambayo hivi sasa inatumika katika madarasa ya afua za mapema, yaani madarasa yanayowahudumia watoto wadogo waliobainika kuwa na ulemavu au walio katika hatari ya kuchelewa kukua, kabla hawajafikia umri wa kwenda shule.

Katika miji ya Afrika Mashariki, huduma hiyo inazidi kutajwa katika vituo vya kulelea watoto mchana na kliniki za binafsi. Baadhi huitangaza kama tiba ya kila tatizo. Ni muhimu basi mzazi akajua michezo hiyo ni nini, inasaidia wapi, inaishia wapi, na hatari zake ni zipi.

Hisi si tano tu

Shuleni watoto hufundishwa kuwa binadamu ana milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Wataalamu wa tiba kwa vitendo huongeza mingine mitatu isiyoonekana kwa urahisi.

Wa kwanza ni hisi ya mizani, ambayo kiungo chake kimo ndani ya sikio. Ndiyo inayomjulisha mtoto kama amesimama wima, ameinama, anazunguka au anaanguka. Mtoto anayeogopa bembea kupita kiasi, au anayelia anapoinuliwa juu, huenda anapata shida katika hisi hii.

Wa pili ni hisi ya misuli na viungo. Hii humwezesha mtu kujua mkono wake uko wapi hata akiwa gizani, na kujua atumie nguvu kiasi gani. Mtoto anayemkumbatia mwenzake kwa nguvu hadi kumuumiza, au anayevunja kalamu ya rangi kila anapoishika, anaweza kuwa hapati taarifa za kutosha kutoka kwenye misuli yake.

Wa tatu ni hisi ya ndani ya mwili, ambayo humjulisha mtu kuwa ana njaa, kiu, joto, maumivu au haja. Mtoto ambaye hisi hii haijakaa sawa anaweza kuchelewa kujifunza kutumia choo, bila ya kuwa mkaidi.

Ubongo hupokea taarifa kutoka kwenye milango yote hiyo kwa pamoja, huzichuja na kuamua la kufanya. Mtoto anayekunywa uji kwa kikombe hutumia karibu hisi zote kwa wakati mmoja: huona kikombe, huhisi joto lake, hukadiria uzito wake, hukiinua bila kumwaga, hunusa na kuonja.

Chimbuko lake

Wazo la kufundisha kupitia hisi halikuanza karne hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1800, daktari Mfaransa Jean Itard alijaribu kumfundisha Victor, mvulana aliyekutwa akiishi porini katika eneo la Aveyron, kwa kuanza na mazoezi ya kuamsha hisi zake. Kazi yake iliendelezwa na Édouard Séguin, aliyeshughulika na watoto wenye ulemavu wa akili, kwanza Ufaransa na baadaye Marekani.

Maria Montessori, daktari wa Italia, alisoma kazi za watu hao wawili. Baada ya kuwahudumia watoto wenye ulemavu wa akili mjini Rome, alifungua mwaka 1907 nyumba ya watoto katika mtaa wa watu maskini wa San Lorenzo. Vifaa vyake vya mbao, vitambaa vya kupapasa na vikopo vya sauti vingali vinatumika katika shule zenye jina lake, zikiwamo za Afrika Mashariki.

Aliyelipa jambo hili sura ya kitabibu ni A. Jean Ayres (1920–1988), mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa California, Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1972, Ayres alieleza kuwa baadhi ya watoto hushindwa kujifunza kwa sababu ubongo wao hauunganishi vizuri taarifa zinazotoka kwenye hisi mbalimbali, si kwa uvivu.

Mwaka 1986, Marekani ilirekebisha sheria yake ya elimu ya watoto wenye ulemavu na kuanzisha mpango wa huduma kwa watoto tangu kuzaliwa hadi kutimiza miaka 3. Chini ya mpango huo, kila mtoto anayestahili huandaliwa mpango wa maandishi pamoja na familia yake, na huduma hutolewa kadiri inavyowezekana katika mazingira ya kawaida ya mtoto, kama nyumbani au kituo cha kulelea watoto. Madarasa ya afua za mapema yanayojulikana leo yalipata nguvu kubwa kutokana na sheria hiyo.

Kwa nini umri huu

Sababu ya kuanza mapema ni ya kibaiolojia. Kituo cha Maendeleo ya Mtoto cha Chuo Kikuu cha Harvard kinaeleza kuwa katika miaka ya mwanzo ya maisha, ubongo hutengeneza zaidi ya miunganiko mipya 1,000,000 ya neva kila sekunde. Miunganiko inayotumika huimarika na isiyotumika hupunguzwa.

Hii haina maana kwamba mtoto aliyefikisha miaka 4 amechelewa kabisa. Ubongo huendelea kujifunza maisha yote. Maana yake ni kwamba kazi inayofanyika mapema huwa rahisi zaidi, na mtoto hapotezi miaka ya kucheza na wenzake akisubiri ajirekebishe mwenyewe.

Ukubwa wa suala lenyewe si mdogo. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) ya Novemba 2021 ilikadiria kuwa dunia ina watoto wenye ulemavu wapatao milioni 240.

Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani (WHO), UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi wenye nguzo tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Tanzania ilizitumia nguzo hizo katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26 na kulenga watoto wa miaka 0 hadi 8.

Michezo ya hisi inaangukia katika nguzo ya ujifunzaji wa awali, lakini haisimami bila zile nyingine. Mtoto mwenye njaa, mwenye minyoo au anayechapwa hawezi kunufaika na beseni la mchanga hata likipambwa vipi.

Si watukutu, si madeko

Walimu wa madarasa haya hutofautisha watoto katika makundi makubwa matatu, ingawa mtoto mmoja anaweza kuwa katika makundi mawili kwa hisi tofauti.

Kundi la kwanza ni la watoto wanaozidiwa haraka na taarifa za hisi. Hawa huziba masikio mvua inapopiga juu ya bati, hulia wanaposukwa nywele au kukatwa kucha, hukataa kuvaa viatu, na hukubali chakula cha aina moja au mbili tu.

Kundi la pili ni la wanaopokea kidogo. Mtoto wa namna hii huonekana mpole kupita kiasi. Huenda asigeuke anapoitwa, asijali kamasi zinazomtiririka, wala asilie anapojikwaa. Kwa kuwa hasumbui, mara nyingi ndiye anayesahaulika.

Kundi la tatu ni la wanaotafuta hisi kwa nguvu. Hawa hawatulii, hupanda juu ya meza, hugusa kila kitu, hutafuna nguo na kujigonga ukutani.

Tofauti za namna hii zinatambuliwa kitaalamu. Mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa matatizo ya akili, toleo la tano la mwaka 2013, uliingiza mwitikio uliozidi au uliopungua kwa hisi miongoni mwa dalili za usonji. Hata hivyo, haukuutaja mkanganyiko wa hisi kama ugonjwa unaojitegemea.

Katika jamii nyingi, mtoto wa kundi la kwanza huitwa deko, wa tatu huitwa mtukutu, na wote wawili hupewa viboko. Wako pia wanaohusisha hali hiyo na uchawi na kumficha mtoto ndani. Kiboko hakibadilishi namna ubongo unavyopokea sauti. Kinachoongezeka ni woga, na mtoto mwenye woga hajifunzi.

Darasa linavyopangwa

Darasa zuri la afua za mapema halihitaji kuwa na vifaa vya kuagizwa kutoka nje. Linahitaji mambo manne: ratiba inayotabirika, idadi ndogo ya watoto kwa kila mlezi, nafasi salama ya kutembea, na kona tulivu.

Ratiba ni muhimu kwa sababu mtoto anayezidiwa na hisi hutulia anapojua kitakachofuata. Madarasa mengi hutumia picha zilizobandikwa ukutani: picha ya mduara wa nyimbo, ya maji, ya kikombe cha uji, ya mkeka wa kulalia. Kila shughuli inapokwisha, mtoto husaidiwa kuigusa picha inayofuata.

Kona tulivu si mahali pa adhabu. Ni sehemu yenye mkeka, mto na mwanga hafifu, pengine iliyozungushiwa kanga, ambako mtoto aliyezidiwa huenda kupumzika na kurudi akiwa tayari. Mlezi humfuata kwa ukimya, bila maneno mengi.

Jambo linalotofautisha mchezo wa kawaida na mchezo wa afua ni lengo. Mwalimu haweki beseni la maji kwa sababu maji yanapendeza. Huliweka kwa sababu mtoto fulani anatakiwa kujifunza kushika kikombe kwa mikono miwili, mwingine kusema "maji", na mwingine kumpokeza mwenzake chombo. Beseni ni moja, malengo ni matatu, na kila lengo huandikwa.

Kanuni nyingine ni kumfuata mtoto. Asiyetaka kugusa unga hashikwi mkono na kutumbukizwa. Huanza kwa kutazama wenzake, kisha hugusa kwa kijiko, kisha kwa kidole kimoja, kila hatua kwa siku yake. Kumlazimisha humfunza jambo moja tu, kwamba mwalimu si mtu wa kuaminika.

Shughuli na vifaa vyake

Kwa hisi ya mguso, madarasa hutumia mchanga safi uliochekechwa, maji ya vuguvugu, vipande vya gunia, kitenge, sufi na ganda la nazi. Mtoto hupapasa, hulinganisha na hatimaye hutaja: laini, kavu, inakwaruza. Donge la unga uliopikwa na kupoa hutumika kuimarisha vidole ambavyo baadaye vitashika kijiko, kifungo na penseli.

Kwa hisi ya misuli, kazi ya kusukuma, kuvuta na kubeba husaidia. Kusukuma kiti, kuvuta boksi lenye vitabu, kubeba ndoo ndogo yenye maji kidogo au kukamua kitambaa kilicholowa huwapa watoto wanaotafuta hisi kile wanachokitafuta kwa njia inayokubalika. Walimu wengi huweka kazi za namna hii kabla ya shughuli inayotaka utulivu.

Kwa hisi ya mizani, hutumika bembea ya chini, ubao wa kutembelea uliolazwa sakafuni, na kubebwa taratibu kwenye shuka linaloshikwa na watu wazima wawili. Mwendo wa polepole wa kwenda mbele na nyuma hutuliza, wakati kuzungushwa kwa kasi huchangamsha na kunaweza kuleta kichefuchefu.

Kwa masikio, zipo ngoma, manyanga, kayamba na nyimbo za mduara zenye vitendo, kama ule mchezo wa Ukuti Ukuti unaojulikana katika nyua nyingi. Wimbo unaosimama ghafla humpa mtoto nafasi ya kutazama, kusubiri na kuomba uendelee, na huo ndio mwanzo wa mazungumzo.

Kwa macho, kivuli cha mikono ukutani, vitambaa vya rangi vinavyopepea na chupa ya plastiki iliyojazwa maji na vipande vya rangi kisha kufungwa kwa gundi hutosha. Mtoto mwenye uoni hafifu husaidiwa na rangi zinazokinzana sana, kama nyeusi na njano.

Kwa pua na ulimi, ndimu, iliki, mdalasini na embe vinafaa kunuswa na kuonjwa. Mtoto anayekataa vyakula huruhusiwa kwanza kukigusa na kukinusa chakula kipya bila ya kulazimika kukila.

Mengi ya mambo haya si mageni. Kumbeba mtoto mgongoni kwa kanga humpa mgandamizo, joto na mwendo kwa pamoja. Kumkanda mtoto baada ya kuoga, desturi inayofahamika katika kaya nyingi, ni mguso uliopangwa. Mtoto anayemsaidia bibi kuchambua mboga au kupepeta mchele anafanya kazi ya vidole na macho ambayo kliniki huitoza fedha.

Tahadhari zisizo na mjadala

Umri wa miaka 1 hadi 3 ndio ambao kila kitu huingia mdomoni. Maharage, njugu, shanga, gololi, betri ndogo za duara na mipira midogo vinaweza kuziba koo la mtoto, na mbegu kavu zikisukumwa puani au sikioni huvimba. Kipimo rahisi ni kifaa kinachopita ndani ya kiini cha karatasi ya chooni: kikipita, hakimfai mtoto wa umri huo. Betri ya duara ikimezwa huunguza koo ndani ya saa chache, hivyo mtoto hukimbizwa hospitali bila kungoja dalili.

Maji yanahitaji macho ya mtu mzima wakati wote. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimeta chache, ndani ya ndoo au beseni, bila kupiga kelele. Beseni humwagwa mara tu mchezo unapokwisha.

Unga mbichi wa ngano unaweza kuwa na vimelea vya kuharisha, ndiyo maana unaotumika kuchezea hupikwa. Mchanga hufunikwa usiku ili paka wasiufanye choo, na watoto huoshwa mikono kwa sabuni baada ya kila mchezo.

Zipo pia tahadhari zinazotokana na hali ya mtoto mwenyewe. Kwa mwenye selimundu, baridi inaweza kuanzisha maumivu makali, hivyo hachezeshwi maji ya baridi wala haachwi na nguo mbichi. Baadhi ya watoto wenye kifafa hupata degedege kutokana na taa zinazomweka. Mwenye sindromu ya Down anaweza kuwa na ulegevu wa viungo vya shingo, kwa hiyo hapindushwi kichwa chini miguu juu. Mwenye mzio wa karanga, maziwa au ngano hujulikana kwa jina katika orodha ya kila mlezi.

Blanketi na fulana zenye uzito zinazouzwa kwa ajili ya kutuliza watoto nazo ni za kuogopwa. Mtoto mdogo aliyelala chini ya kitu kizito anaweza kushindwa kujinasua na kukosa hewa. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kuhusu usingizi salama, kilipinga matumizi ya mablanketi hayo kwa watoto wachanga.

Sayansi inasema nini

Hapa ndipo mzazi anapotakiwa kuwa makini zaidi, kwa kuwa fedha na muda wa mtoto viko hatarini.

Mwaka 2012, chama hicho cha madaktari wa watoto kiliwashauri wanachama wake wasitumie mkanganyiko wa hisi kama jina la ugonjwa linalojitegemea. Kilisema tiba za hisi zinaweza kukubalika kama sehemu ya mpango mpana zaidi, lakini wazazi waelezwe kuwa ushahidi wake ni mdogo.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha watoto 32 wenye usonji ulionyesha kuwa waliopata tiba ya kuunganisha hisi walifikia malengo yao binafsi zaidi ya wenzao. Utafiti mkubwa zaidi wa Uingereza na Wales, uliohusisha watoto 138 wenye usonji na kuchapishwa mwaka 2022, haukuona tofauti ya maana kati ya waliopata tiba hiyo na waliopata huduma za kawaida.

Tafiti zote mbili zilihusu watoto wa miaka 4 na zaidi, na zilipima tiba inayotolewa na mtaalamu kliniki, si michezo ya darasani. Kwa watoto walio chini ya miaka 3, tafiti za kiwango hicho ni chache.

Kinachoungwa mkono kwa nguvu zaidi ni mambo yanayofanyika ndani ya michezo hiyo: mtu mzima anayemjibu mtoto kwa maneno na vitendo, mazoezi ya mara kwa mara ya stadi halisi kama kula na kuvaa, na ushiriki wa mzazi. Beseni la mchanga lenye mlezi anayezungumza na mtoto ni darasa. Beseni hilo hilo lenye mlezi anayechezea simu ni beseni tu.

Kwa hiyo, anayeahidi kuwa michezo ya hisi itaponya usonji au kuondoa mtindio wa ubongo anadanganya. Hali hizo haziondolewi na mchezo. Kinachowezekana ni mtoto kula aina nyingi zaidi za chakula, kukaa na wenzake kwa dakika nyingi zaidi, kuomba kwa ishara au neno badala ya kulia, na kuvumilia kelele za daladala bila kuzidiwa. Kwa familia, mabadiliko hayo si madogo.

Maswali ya kumuuliza mwalimu

Mzazi anayetafuta kituo anashauriwa kuuliza mambo machache kabla ya kulipa. Je, kituo kimesajiliwa? Mlezi mmoja anahudumia watoto wangapi? Lengo la mtoto wangu kwa miezi 3 ijayo ni lipi, na litapimwaje? Mtoto akikataa kushiriki, mnafanya nini? Nikiwa nyumbani, nifanye nini kila siku?

Kituo kinachojibu kwa maandishi na kumruhusu mzazi kukaa darasani kina jambo la kuonyesha. Kinachoficha darasa lake, au kinachopima mafanikio kwa wingi wa vifaa vya rangi, kinahitaji kutiliwa shaka. Lengo lisilosogea kwa miezi kadhaa linapaswa kubadilishwa, si kuongezewa ada.

Pa kuanzia

Hatua ya kwanza si kununua vifaa. Ni kupima masikio na macho. Mtoto asiyegeuka anapoitwa anaweza kuwa haoneshi dalili ya usonji bali hasikii, na mwezi mmoja wa manyanga hautamfaa kama kifaa cha kusaidia kusikia.

Dalili zinazostahili kumpeleka mtoto kliniki ni pamoja na kutokaa bila kushikiliwa akifikisha miezi 9, kutogeuka akiitwa jina lake akitimiza mwaka 1, kutotembea mwenyewe akifikisha miezi 18, na kutounganisha maneno mawili akitimiza miaka 2. Utafiti wa WHO wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watoto wenye afya huanza kutembea wenyewe kati ya takriban miezi 8 na miezi 17 na nusu, kwa hiyo jirani aliyetembea mapema si kipimo. Mtoto anayepoteza neno au stadi aliyokuwa nayo apelekwe bila kuchelewa, kwa umri wowote.

Kliniki ya mama na mtoto ndiyo mlango wa kwanza, kwa kuwa mtoto tayari huenda huko kwa chanjo na mizani. Kutoka hapo hupewa rufaa. Nchini Tanzania, huduma za utengamao kwa watoto hupatikana katika hospitali kubwa, ikiwamo Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam na KCMC ya Moshi. Walimu wa elimu maalumu huandaliwa katika vyuo kama Patandi, mkoani Arusha. Nchini Kenya, vituo vya serikali vya kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu vilianzishwa mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu, KISE, ilifuata mwaka 1986.

Wataalamu wa tiba kwa vitendo bado ni wachache kuliko mahitaji, na safari ya kwenda hospitali kubwa humgharimu mzazi siku nzima ya kazi. Ndiyo maana mpango bora ni ule ambao mtaalamu anamwona mtoto mara chache, lakini anamfundisha mwalimu na mzazi la kufanya kila siku.

Kazi hiyo ya kila siku haihitaji chumba maalumu. Dakika 15 wakati wa kuoga, kula na kuvaa zinatosha kuanzia: mtoto amimine maji mwenyewe, ashike kijiko hata akimwaga, aguse nguo na kuambiwa jina lake, na asubiriwe ajibu. Mzazi aandike katika daftari alichokiweza leo ambacho wiki iliyopita hakukiweza, na alichukue daftari hilo kila anapokwenda kliniki. Mtaalamu atakayemwona mtoto kwa nusu saa tu atapata humo picha ya wiki nzima.